Mgeni Aliyeugusa Mmea

4 Februari

Dada yangu,

Hujambo? Mimi mzima, kikohozi cha kila mwaka kimenitembelea na kimeshaaga. Mzee anaendeleaje? Betri za kifaa chake cha masikio nimezituma kwa mkono wa jirani yenu, yule dereva wa lori. Mwambie azitumie mojamoja, asizijaribu zote siku moja. Na mpwa wangu, tumbo limefika wapi? Mwambie aache kunyanyua ndoo, namjua alivyo mbishi.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana imenikaa kooni tangu juzi. Bi Mkaidi ametoa matumba!

Najua utasema, "Bi Mkaidi ndiye nani tena?" Ni ule mmea niliokuandikia, niliouotesha kwa mbegu mwaka tuliomzika shemeji. Umekaa miaka yote hiyo kwenye chungu kimoja, mgumu, wa kijani, duara, hautoi hata ua moja la dawa. Wenzangu walishaanza kunicheka. Juzi nainama na kibano changu kuondoa majani makavu, naona vitu vyeupe vimejipanga kama vichwa vya pini. Nilikaa chini kwenye mchanga, dada.

Watu wakisikia nyumba ya vioo wanadhani tunaipasha mimea joto. Yetu ni kinyume. Hii ni mimea ya vilele vya milima, kule ambako ni mawe na upepo tu. Baridi haiiogopi. Inachoogopa ni unyevu na hewa iliyosimama. Kwa hiyo vioo viko juu kuzuia mvua, madirisha ya pembeni yako wazi mchana na usiku, na feni inazunguka bila kupumzika. Vyungu tumevizika kwenye mchanga hadi shingoni. Tunamwagilia mchanga, mizizi inajinywea yenyewe kwa chini. Ukimwagilia juu ya mmea, umeuua.

Mkurugenzi wetu, yule mama mkali wa miwani, alikuja akatazama, akanipiga bega. Hajawahi kunipiga bega.

Nisalimie wote.

Ndimi mdogo wako,
Kifungo

27 Februari

Kifungo,

Barua yako nimeipata, nasi huku wazima. Umeniandikia kurasa tatu, mbili na nusu za Bi Mkaidi na mistari minne ya baba yako. Ungekuwa umemposa tungejua wapi pa kupeleka mahari.

Betri Mzee kazipata. Sasa anasikia kila kitu, hata yasiyomhusu. Jana mteja ananong'ona kwamba kiuno cha gauni kimembana, Mzee kutoka chumba cha pili anapaza sauti, "Gauni halina kosa!" Mteja kakasirika, mimi nimecheka mpaka nimejichoma sindano. Mpwa wako tumbo limeanza kuonekana. Mkunga anasema atajifungua mwezi wa saba. Ndoo bado ananyanyua.

Kazi ni nyingi, sare za shule zimenifika shingoni. Lakini nimekusoma vizuri, tena mara mbili. Kwa hiyo umekaa chini kwenye mchanga kwa furaha? Mara ya mwisho kukuona umekaa chini hivyo ni ulipomeza kifungo cha koti la Mzee, ukawa unasubiri kufa.

Nataka nije niuone. Tangu uhamie huko sijakanyaga, na kila nikiulizwa unafanya kazi gani nasema "mambo ya mimea", kama mtu asiyemjua ndugu yake. Niambie siku maua yatakapofunguka. Nitasimama pembeni, nitatazama, nitarudi. Sitakutia aibu.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Salamu kwa wote. Mimi sijambo, ila usingizi umekuwa wa kubahatisha.

Maua yameanza kufunguka, matatu upande wa jua. Mkurugenzi amepanga siku ya wageni, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Anakuja profesa mmoja ambaye vitabu vyake ndivyo tunavyovitumia hapa, na wapiga picha, na wafadhili wa bustani. Mimi ndiye nitakayeeleza habari za mmea. Nimepewa mpaka maneno ya kusema.

Kuhusu kuja kwako, dada, nimefikiri sana. Safari ni ndefu, utabadilisha basi mara mbili, na goti lako hilo. Chumba changu ni kitanda na jiko. Isitoshe siku hiyo ni kwa walioalikwa tu, na mimi nitakuwa mbio huku na huku, sitapata hata nafasi ya kukukaribisha chai. Afadhali tungoje kutulie. Nitakuletea picha, nzuri kuliko kuuona wenyewe.

Usinielewe vibaya.

Kifungo

19 Aprili

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa kuandika. Nilipata mafua mabaya, yakashuka kifuani, nikalala wiki nzima Mzee akinipikia uji usio na sukari kwa sababu alisahau na mimi sikuwa na sauti ya kumwambia. Sasa nimepona. Mpwa wako mzima. Sare nimezimaliza.

Ile siku yenu ya wageni ilikwendaje? Natumaini ilikwenda vizuri, na ulisema yote uliyotaka kusema.

Na mmea, haujambo? Nauliza tu. Mzima sehemu zote?

Dada yako

11 Mei

Dada,

Pole kwa mafua. Mpe Mzee salamu.

Shughuli ilikwenda vizuri. Profesa alifurahi.

Mmea haupo tena. Wiki mbili baada ya wageni lilitokea doa la kahawia, likasambaa, na sasa chungu kizima ni kama sifongo lililooza. Mkurugenzi anasema siku ile kuna mgeni aliugusa, na mimea hii haitaki mikono. Huenda ni hivyo.

Sina mengi.

Kifungo

3 Juni

Kifungo,

Kwanza habari za nyumbani. Mzee mzima. Mpwa wako amevimba miguu lakini mkunga hana wasiwasi. Paa la jikoni limezibwa.

Sasa nitaandika jambo ambalo kalamu imelikataa mara nyingi. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Mgeni aliyeugusa mmea wako ni mimi. Unajua kuwa ni mimi.

Nilikuja. Nilisema na moyo wangu, huyu ni mtoto niliyemwogesha, siku yake kubwa nitaikosaje? Nikapanda basi la alfajiri. Nilikoshuka mvua ilikuwa inamwagika na mwavuli nimeusahau ndani ya basi, nikavaa koti la marehemu mume wangu nililokuwa nimelibeba la kujifunikia. Getini mlinzi alidhani mimi ni mmoja wa wapishi, akanionyesha njia ya jikoni, nikaifuata hadi kwenu. Nikaingia kwenye nyumba ya vioo na mfuko wangu wa plastiki unachuruzika maji. Kulikuwa na viti, na watu wamesimama na glasi mkononi. Wewe ulikuwa umenipa mgongo, umevaa lile shati la kijivu nililokushonea. Nikaona limekukaa vizuri mabegani. Nikafurahi.

Mmea ulikuwa mezani peke yake. Nilidhani ni mkubwa! Kumbe ni kama kile kimto changu ninachochomekea pini, vilevile, duara na vichwa vyeupe. Kidole kilikwenda chenyewe, pale ukingoni, kidogo tu. Ni mgumu, sikutegemea. Nilitaka kucheka.

Ukageuka. Ukanitazama usoni, si mfuko wala koti, usoni. Ukasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mama, usiguse. Hapa ni kwa walioalikwa tu. Toka nje tafadhali."

Nami nikasema, "Samahani, bwana." Nikatoka.

Njiani nilijidanganya kwamba hukunitambua. Nimejidanganya hivyo mpaka barua yako ya mwezi uliopita. Lakini uliposema lile neno "mama" sauti ilikupasuka katikati, kama ilivyokuwa ikikupasuka ukiwa mdogo, ukisema si wewe uliyemaliza maziwa.

Sikuandika haya ili nikulaumu. Ulinikataza kuja, nikaja. Nilikwambia sitakutia aibu, nikakutia. Na sasa nimeua kitu ulichokilea tangu mwaka wa msiba wangu. Sina pa kuuweka uso. Nakuomba umwambie mkurugenzi wako ni nani aliyegusa. Mtajie jina langu. Mwambie ni dada yako, au usimwambie, utakavyo wewe. Nipo tayari kuja kumwomba radhi.

Nisamehe, mdogo wangu.

Dada yako

22 Julai

Kifungo,

Mpwa wako amejifungua salama, mtoto wa kike, sauti kama honi ya lori. Mzee amezima kifaa chake cha masikio kwa hiari yake. Mama na mtoto hawajambo. Wanawake wa jirani wanakuja kumwogesha. Mimi nimewaambia mgongo unaniuma.

Kimya chako nimekielewa. Una haki ya kukasirika. Nilitaka tu ujue umekuwa babu.

Dada yako

14 Septemba

Dada,

Nimekuwa babu na sikuleta hata salamu. Mpe hongera mpwa wangu, mwambie mjomba wake ni mtu wa hovyo lakini anampenda. Mzee nimempigia simu juzi dukani kwa jirani, akaniuliza, "Una nini na dada yako?" Nikasema hatuna kitu. Akasema, "Nimewasha kifaa, sema tena." Nikakata.

Kimya changu hakikuwa hasira. Nilikuwa nikiianza barua, nikifika pale penyewe nachana. Leo nimeamua kuanzia palepale.

Hukuua mmea wowote. Niliuua mimi.

Jioni ya kuamkia siku ya wageni nilibaki peke yangu. Nikautazama Bi Mkaidi, nikaona ana vumbi, rangi imefifia, na kesho kuna wapiga picha. Nikachukua bomba la kupulizia, nikaupulizia maji juu yake, majani na maua, mpaka ukang'aa. Mimi, niliyekuandikia kwamba ukimwagilia juu umeuua! Nilijiambia upepo utaukausha. Asubuhi mvua ikaja ya upande, nikafunga madirisha ili viti vya wageni visilowe. Hotuba zilipoanza mkurugenzi hakusikika, nikazima feni. Ilikaa imezimwa mpaka jioni, na maji yamelala ndani ya mmea. Uozo ulianzia katikati kabisa. Wewe uligusa ukingoni. Ukingo ndio uliokufa mwisho. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza nilipoona doa.

Mkurugenzi aliposema, "Lazima ni yule mama aliyeingia na mfuko," nilinyamaza. Halafu nikakaa nikakuandikia wewe, kwa mkono wangu, "Huenda ni hivyo." Hilo ndilo linaloniamsha. Sikukutupia lawama gizani, nilikutumia kwa posta, ukalipokea, ukaniomba msamaha.

Na nilikutambua tangu ukiwa mlangoni, kabla hujanyanyua kidole, nikakupa mgongo. Nilikujua kwa mwendo, goti la kushoto. Nilipokuona umelowa, koti la shemeji limekuzidi mabega, nikaona macho ya profesa yanatoka kwako yanakuja kwangu, nikaogopa ataona pua zetu ni moja. Hicho ndicho nilichoogopa, dada. Pua. Nilikuwa nimetoka kumwambia nimejifunza kazi hii kwenye vitabu vyake, naye akanisikiliza kama mtu mwenzake, na sikutaka chochote kiniondoe pale. Ukasema "Samahani, bwana", ukanisaidia hata kunidanganyia watu. Nilieleza habari za mmea dakika zote zile sijui nilisema nini. Walipiga makofi. Nilipotoka nje kukutafuta, barabara ilikuwa tupu.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisini kwa mkurugenzi. Nikamweleza maji, madirisha, feni. Nikamwambia na yule mama ni nani. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alivua miwani akasema, "Ungenieleza siku ya doa la kwanza, tungekata vipande vya ukingoni tukaviotesha. Ukingo ulikuwa mzima. Tungekuwa na vyungu sita sasa."

Halafu akauliza, "Na dada yako anaamini kuwa ni yeye?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Toka, tafadhali."

Nimeondolewa nyumba ya vioo. Sasa nipo bandani nyuma, nachekecha udongo na kusugua vyungu. Nyumba amepewa dada mmoja kijana aliyetoka chuoni, ana mkono mzuri. Nikipita nje nasikia feni inazunguka.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu ujue mkono wako hauna kosa.

Kifungo

6 Oktoba

Kifungo,

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma nimesimama dukani, mteja ananingoja na gauni la nusu mikono. Nikamwambia aje kesho.

Nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Tangu mtoto azaliwe nilikuwa simshiki. Nilisingizia mgongo. Mama yake akinipa, namwambia mweke kitandani. Nilikuwa na mawazo ya kijinga, kwamba kidole kimoja tu kimegusa kitu cha miaka saba kikaoza, je huyu wa siku tatu? Najua ni upuuzi. Lakini usiku ukiwa peke yako upuuzi una sauti nzito. Mwanangu alidhani simpendi mtoto wake kwa sababu ni wa kike. Tulikuwa hatuzungumzi vizuri, kwa ajili hiyo, nyumba moja.

Jumatatu nilifunga duka, nikachemsha maji, nikasema nileteeni huyo mtoto. Nikamwogesha mwenyewe, shingo, makwapa, katikati ya vidole. Alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mama yake alikaa mlangoni akitutazama, mara nikamwona analia, nami nikaanza. Mzee akaja kuuliza nani kafa.

Basi, jambo la mkono limekwisha. Nakushukuru kwa kulimaliza, ingawa umelimaliza kwa kuchelewa, na mtoto alikuwa ameshatimiza miezi miwili bila kushikwa na bibi yake. Hiyo miezi huwezi kunirudishia, na sitaki ujaribu.

La pili halijaisha. Umeandika vizuri, umeandika na pua na koti, nimesoma nikakuonea huruma. Halafu nikajikasirikia kwa kukuonea huruma. Mmea ni mmea, ungekufa wote na ile nyumba yenu ya vioo ningekupa pole. Wewe uliniita mama, Kifungo. Si kwa heshima. Kama unavyomwita mtu usiyetaka kumjua jina. Nimekulea tangu ukiwa unatambaa, mchana ukiniita dada na usiku ukinisahau na kuniita mama kweli, na ile ya usiku niliiweka moyoni kama zawadi. Siku ile uliitoa ukaitumia kunifukuzia.

Usinitumie barua nyingine ya kueleza. Maelezo nimeshiba. Mwambie yule mama wa miwani nimemsikia. Na kama unataka niuone huo mlima wenu wa kwenye vyungu, njoo unichukue mwenyewe, mchana, tushuke basi pamoja, tupite getini pamoja. Sitavaa nguo mpya.

Dada yako

20 Oktoba

Dada,

Umesema nisieleze, sielezi. Hii ni ya taarifa tu.

Nakuja Ijumaa, tutaondoka wote Jumamosi asubuhi. Mkurugenzi ameruhusu. Nilimwomba kibali cha kuingia nyumba ya vioo kama mgeni, kwa sababu ufunguo sina tena, akasema, "Wewe utaingia kwa kibali cha dada yako."

Mlinzi wa getini nimemweleza. Anakukumbuka, anasema alikupa njia ya jikoni, anaomba radhi. Kisha nikaenda kwenye dirisha la tiketi. Yule mama anayekaa pale anajua kila mtu na habari zake, na ukimwambia yeye umeitangazia bustani nzima. Nilisimama kwenye foleni na watu mbele na nyuma. Nikamwambia Jumamosi anakuja dada yangu mkubwa, aliyenilea.

Akafurahi, akasema, "Karibu yake! Amewahi kufika hapa?"

Nikasema, "Amewahi. Nilimfukuza."

Aliacha kuchana tiketi. Halafu akauliza, "Kwa nini?" Nikafungua mdomo, na mbele ya watu wote wale sikupata hata sababu moja ya kusema.

Jumamosi atakuuliza wewe. Mjibu utakavyo.

Kifungo